Dhana au Chukulio?

Mwambie mjane wa askari kwamba mumewe alikufa kwa "ugonjwa wa dhana", nawe utakuwa umemwongezea msiba. Atasikia kwamba maradhi yale yalikuwa ya kufikirika, au kwamba serikali bado inayatilia shaka. Kumbe sheria ya Marekani imekusudia kinyume chake kabisa: ugonjwa huo umekwisha kukubaliwa kuwa umetokana na utumishi wa jeshi.

Sheria yenyewe, inayojulikana kwa kifupi kama PACT, ilitiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 10 Agosti 2022. Imebeba jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio, aliyetumikia Kosovo na Iraq, akafa mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu. Huko Iraq taka za kambi zilirundikwa kwenye mashimo ya wazi na kuchomwa: plastiki, betri, rangi, taka za hospitali, hata kinyesi, vikimwagiwa mafuta ya ndege ili moto ushike. Askari walikula na kulala katika moshi huo.

Miaka ikapita, mtu akaanza kukohoa damu. Kwa kawaida anayedai fidia huonyesha mambo matatu: kwamba anaumwa, kwamba jambo fulani lilimpata jeshini, na kwamba jambo hilo ndilo lililozaa ugonjwa. La tatu ndilo gumu. Moshi hauachi stakabadhi. Nani aliipima hewa ya usiku ule? Daktari gani ataapa kwamba uvimbe huu umetoka kwenye shimo lile, si kwenye sigara? Hapo ndipo sheria inapoingia kati. Ikiwa ulitumikia mahali palipotajwa, katika muda uliotajwa, na ugonjwa wako umo katika orodha, huulizwi tena chanzo chake. Aliyekuwa Somalia au Oman tangu tarehe 2 Agosti 1990 yumo, na wa Djibouti yumo tangu 11 Septemba 2001. Waliopigana Vietnam walipewa njia kama hiyo kwa sheria ya mwaka 1991, kwa maradhi ya dawa ya kuua majani iliyokuwa na dayoksini; PACT ikawaongezea shinikizo la damu.

Kanuni hiyo ya kutoulizwa chanzo kwa Kiingereza huitwa "presumption". Wanasheria wetu husema "dhana", kama katika dhana ya kutokuwa na hatia, na mahakamani hakuna anayepotea. Nje ya mahakama neno hilo lina maisha mengine: ni wazo, na tena ni ile shaka ya moyoni, mtu anapomdhania mwenzake vibaya. Liweke jirani na ugonjwa, na hiyo shaka ndiyo itakayotangulia sikioni. "Ugonjwa wa kukisiwa" ni mbaya zaidi.

Mimi napendekeza chukulio, kutokana na kuchukulia, kama tarajio lilivyotokana na kutarajia. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, lenye maana ya kutwaa kabla. Letu nalo limezaliwa na kuchukua. Tunalichukua jambo kuwa kweli bila kungoja lithibitishwe. Wala halizidishi, kama "thibitisho" lingefanya, kwa sababu sheria inaruhusu chukulio lipingwe kwa ushahidi, ila mzigo wa kuuleta haumwelemei tena mgonjwa. "Ugonjwa wenye chukulio la utumishi" ni maneno mengi, nakubali, lakini hayamtukani marehemu.

Katika kambi za Wamarekani nchini Iraq walikuwapo pia maelfu ya walinzi kutoka Uganda, walioajiriwa na kampuni binafsi kukaa malangoni. Aliyekuwa karibu na shimo alivuta hewa ileile aliyovuta askari. Lakini PACT ni ya askari wastaafu wa Marekani, na mlinzi yule si mmoja wao. Akienda hospitali Kampala leo na kifua chake, chukulio hili halimfikii.