Moteri inayozimika njiani: jinsi mafundi walivyojifunza kutafuta chanzo

KIBUA – Kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, gari lililokufa kabisa lina nafuu kuliko lile linalozimika na kuwaka tena. Lililokufa linaonyesha ugonjwa wake. Linalozimika kilimani, likapumzika nusu saa na kuwaka, linafika kwa fundi likiwa halina neno.

Jambo hili si dogo kwa familia inayohama na magodoro juu ya gari, wala kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali. Moteri ikizimika kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito, na baada ya kukanyaga breki mara chache nazo zinakuwa ngumu. Kutafuta chanzo mapema ni kuokoa watu.

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji magari mengi yalitumia esansi, na esansi inahitaji cheche. Cheche ilitoka kwenye bobini, ikiongozwa na platini. Bobini iliyochoka ilifanya kazi ikiwa baridi. Ikipata joto, cheche ilikatika. Ikipoa, gari liliwaka. Lakini joto lilikuwa na ujanja mwingine: esansi ilichemka ndani ya mrija, hasa milimani ambako hewa ni nyepesi na vimiminika huchemka upesi. Dalili zilifanana, chanzo kilikuwa tofauti. Mafundi wakajifunza kupima gari palepale linapozimika, kabla halijapoa. Walifunga kitambaa chenye maji kwenye mrija. Gari likiwaka upesi, walishuku esansi. Kama cheche haikuonekana, walifuata bobini na platini.

Kisha ukaja wakati wa mazutu. Moteri ya Rudolf Diesel ilifanya kazi vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1897 huko Ujerumani, na mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mazutu. Mwaka 1990 Toyota ilitoa moteri ya 1HZ, yenye silinda 6 na lita 4.2, inayojulikana sana katika Land Cruiser za mashirika ya misaada. Hapa hakuna cheche. Fundi hufuata njia ya mazutu tangu tangi hadi pampu.

Maji na uchafu wa bidoni huziba filtri. Mrija uliopasuka kidogo huvuta hewa. Fundi huweka kipande cha mrija mweupe unaopenya mwanga na kutazama mapovu. Tundu la hewa la tangi likiziba, mazutu hayatoki tena: shofere akifungua kifuniko na kusikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, amepata jibu. Tena, pampu ya 1HZ ina kifaa kidogo cha umeme kinachofungua mazutu. Waya wake ukilegea, shimo moja la barabarani linatosha kuzima gari. Fundi hukipelekea umeme moja kwa moja kutoka kwenye batri. Gari likiacha kuzimika, pampu haina kosa, kosa liko kwenye waya au kontakti.

Leo magari mengi yana kompyuta. Marekani iliamuru mfumo mmoja wa kusoma makosa kwa magari yote madogo mapya kuanzia 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa yale ya esansi. Kwenye Toyota nyingi za zamani kidogo, fundi huunganisha pini za TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha huhesabu jinsi taa ya moteri inavyowaka na kuzima. Lakini namba hiyo inataja njia ya umeme yenye shida, haisemi ni kifaa gani kimekufa. Anayenunua kifaa kwa sababu ya namba tu anaweza kupoteza fedha, wakati kosa ni waya uliokatika ndani.

Ndiyo maana, tangu platini hadi kompyuta, shahidi wa kwanza amebaki kuwa shofere. Anatakiwa kukumbuka: moteri ilikuwa baridi au moto? Tangi lilikuwa limejaa au linakaribia kuisha? Ilikuwa kilimani au kwenye mashimo? Ilizimika ghafla, au ilikohoa kwanza? Iliwaka papo hapo, au baada ya kusubiri? Kuzimika ghafla mara nyingi huelekeza kwenye umeme. Kukohoa na kupungua nguvu huelekeza kwenye mazutu au esansi.

Majibu hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi na hayagharimu kitu. Na gari likishazimika mara mbili kwa siku moja, lisipakiwe watu kabla chanzo hakijapatikana. Kuwaka tena si kupona.