Ubongo mdogo, kwa maana ya mama mdogo

Mtoto akisema "mama mdogo", hakuna anayedhani anamtaja mama mfupi. Ni ndugu wa mama yake, aliyezaliwa baada yake, na heshima yake ni ya mama kamili. Hufunga safari ukiuguliwa, hukesha jikoni shughuli ikiwa kubwa, na siku asipokuwepo ndipo watu wanapotambua nani alikuwa akiendesha mambo. Nimekuwa nikiifikiria lugha hii ya ukoo kila ninapokutana na istilahi "ubongo mdogo", ambayo waandishi wengine huiacha kwa sura ya Kilatini: serebelamu.

Warumi walichukua neno lao la ubongo, serebramu, wakalipunguza. Waarabu walifanya vivyo hivyo: mukhkh ni ubongo, mukhaykh ni ule mdogo. Wajerumani husema Kleinhirn, maana ile ile. Sisi tulifuata. Ila Kiswahili kina kiambishi chake cha kupunguza, ki-, na mtu angetarajia tuseme kibongo. Nafasi hiyo imeshachukuliwa. Tangu watu waiite Tanzania Bongo, mahali pa kuishi kwa akili, Kibongo ni filamu, ni muziki, ni namna ya kuongea. Na hata isingekuwa hivyo, ki- ina ubaya wake: mtu akishaitwa kijitu, amedharauliwa. "Mdogo" halina dharau hiyo. Mdogo ana ukoo.

Nilipata kufikiria pia "ubongo wa kisogoni". Papasa kisogo chako. Katikati pana kinundu cha mfupa. Ubongo mdogo umelala kwa ndani, kuanzia karibu na usawa wa kinundu hicho kushuka chini, nyuma ya shina la ubongo. Lakini juu yake, kisogoni humo humo, ndipo ilipo sehemu ya ubongo mkubwa inayopokea habari za macho. Jina la kisogoni lingewachanganya majirani wawili, nikaliacha.

Umbo lake linapendeza kulitazama. Una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na katikati zimeunganishwa na ukanda mwembamba ambao wanaanatomia waliuita mnyoo. Juu umejaa mikunjo myembamba iliyobanana kama kurasa za kitabu. Ukikatwa wima, huonekana nyuzi nyeupe zikichanua ndani mfano wa mti. Wazee wa fani waliuita mti wa uzima, na sioni sababu ya kuacha jina hilo katika vitabu vyetu.

Kwa mtu mzima una uzito wa gramu 150 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Sasa tazama kilichomo. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel akiwa miongoni mwao, walichapisha hesabu ya seli za neva za binadamu: takriban bilioni 86 katika ubongo mzima, na bilioni 69 kati ya hizo zimo ndani ya ubongo mdogo. Nyingi mno ni seli ndogo kama chembe za uwele. Juu ya seli hizo zimejipanga seli kubwa zilizoelezwa mwaka 1837 na Mcheki Jan Purkyně, kila moja imetandaza matawi bapa kama pepeo na kupokea nyuzi zaidi ya laki moja.

Kazi ya ubongo mdogo nitaieleza kwa ndoo. Binti amejitwisha maji, kata imekaa kichwani, anapanda njia ya mawe. Amri ya kutembea imetoka ubongo mkubwa. Ubongo mdogo hupewa nakala ya amri hiyo, na papo hapo hupokea habari kutoka kwenye misuli, maungio na sikio la ndani: mguu umefika wapi, kichwa kimeinama kiasi gani. Hulinganisha kilichokusudiwa na kinachotendeka, ukasawazisha kabla maji hayajamwagika. Tena hukisia mapema. Ndiyo maana ukiinua ndoo uliyodhani imejaa, kumbe tupu, mkono huruka juu: makisio yalikuwa ya ndoo iliyojaa. Habari za kosa kama hilo hufika kwenye seli za Purkyně, na kwa kukosea mara nyingi mwili hujifunza. Binti huyo alipokuwa na miaka saba alifika nyumbani amelowa mabegani. Leo anapanda huku akipiga soga.

Mfaransa Pierre Flourens aliiona kazi hii ya kusawazisha kwa njiwa. Mwaka 1824 alieleza kwamba ndege aliyeondolewa ubongo mdogo bado alisogeza mbawa na miguu, ila mpangilio ulikuwa umekwisha. Karibu karne moja baadaye Mwairishi Gordon Holmes aliwachunguza askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliopigwa risasi kisogoni. Mgonjwa wake mmoja, aliyeumia upande wa kulia, alimweleza kwamba mkono wa kushoto ulijiendea wenyewe, lakini wa kulia alilazimika kuufikiria hatua kwa hatua. Ni mkono wa kulia kwa jeraha la kulia: ubongo mdogo huhudumia upande wake wenyewe, tofauti na ubongo mkubwa, unaotawala upande wa pili. Tangu miaka ya 1990, hasa kwa kazi ya daktari wa neva Jeremy Schmahmann, imedhihirika pia kwamba ukiumia, mtu anaweza kuyumba katika kupanga mawazo, lugha na hisia.

Kuyumba kwa mwili huitwa ataksia, neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa mpangilio. Mgonjwa hupanua miguu akitembea, hupepesuka, hukatakata maneno, na akinyoosha kidole kugusa pua, kidole hutetemeka zaidi kadiri kinavyokaribia. Majirani husema amelewa. Hilo huniuma, kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa hawajaonja tone. Pombe yenyewe humyumbisha mnywaji kwa kuuvuruga ubongo huu huu, na ndiyo maana mwendo unafanana. Lakini vyanzo ni vingi: magonjwa ya kurithi, uvimbe, ambao kwa watoto huota hapa mara nyingi, tetekuwanga, malaria kali inayoweza kumwacha mtu akiyumba hata homa ikishaondoka, na dawa ya kifafa iitwayo fenitoini ikizidi kipimo. Anayeitumia akianza kupepesuka, arudi kliniki akapimwe. Asiiache ghafla mwenyewe, maana degedege linaweza kumrudia.

Hatari zaidi ni kiharusi cha ubongo mdogo, kwa kuwa hakifanani na kiharusi tunachokijua. Mdomo haujapinda. Mwambie mgonjwa akubane mkono, atakubana kwa nguvu. Ila kizunguzungu kimemjia ghafla, anatapika, kisogo kinamuuma na hawezi kusimama bila kushikiliwa. Nyumbani watasema ni presha, au chakula kimemkataa, walale wasubiri asubuhi. Ndani ya fuvu, nafasi ya nyuma ni finyu, na ubongo mdogo ukivimba hukandamiza shina la ubongo, linaloendesha pumzi. Huyo apelekwe hospitali usiku huo huo.