Mbio za magari: Msimamizi wa mashindano huanzia wapi?

Safari Rally inapofanyika Naivasha, Kenya, macho ya wengi huwa kwa madereva. Wachache humwona mtu aliyevaa kizibao cha rangi kali kando ya barabara, mwenye filimbi na redio ya mawasiliano. Huyo ni mashali, na wengi wa maofisa wa mchezo huu huanzia kwenye nafasi hiyo.

Kazi huanza bila mshahara. Duniani kote mashali wengi hujitolea, hivyo anayesaka kipato cha haraka hana budi kutazama kwingine. Mlango wake ni klabu ya magari au shirikisho la taifa linalotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Nchini Kenya ni KMSF; Uganda, yenye mbio za Pearl of Africa, ni FMU. Ni vyema mgeni aanze kwenye mashindano madogo, chini ya mzoefu. Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, si mahali pa kujifunzia hatua ya kwanza.

Saa ndiyo somo la awali. Gari likichelewa dakika moja kwenye kituo cha ukaguzi wa muda huongezewa sekunde 10. Likiwahi dakika moja, huongezewa dakika nzima. Tarakimu moja iliyoandikwa vibaya inaweza kumpokonya dereva ushindi.

Kisha huja mawasiliano. Magari huhesabiwa kila kituo cha redio: lililopita kituo kimoja bila kufika kinachofuata huanza kutafutwa mara moja. Waliopata ajali huonyesha kibao cha kijani chenye OK iwapo wako salama, au chekundu chenye SOS wakihitaji tabibu. Bendera nyekundu haiinuliwi kwa uamuzi wa mashali. Husubiriwa amri ya mkurugenzi wa mashindano.

Ugumu hasa uko kwa watazamaji. Mashali si polisi. Watu wakikataa kuondoka upande wa nje wa kona, wajibu wake ni kumwarifu mkuu wa mkondo, ambaye anaweza kuuzuia usianze. Kunyamaza ili kuepuka lawama za umati ni hatari kubwa: mwaka 2014, watazamaji watatu waliuawa katika mashindano ya Jim Clark Rally huko Scotland. Mashali wenyewe hawana kinga. Katika Formula One, wawili waliuawa na magurudumu yaliyochomoka, mmoja Monza mwaka 2000 na mwingine Melbourne mwaka 2001.

Anayedumu hupanda taratibu hadi mkuu wa kituo, mkuu wa mkondo, na kwa wachache, mkurugenzi wa mashindano. Fundi wa magari ana njia nyingine, ya ukaguzi wa magari. Charlie Whiting, aliyesimamia mbio za Formula One kuanzia mwaka 1997 hadi alipofariki mwaka 2019, alikuwa kwanza fundi wa timu ya Brabham.