Osteoimunolojia

Osteoimunolojia ni tawi la biolojia na tiba linalochunguza uhusiano kati ya mfumo wa kinga ya mwili na mifupa. Jina limetokana na neno la Kigiriki osteon, yaani mfupa, likiunganishwa na imunolojia, yaani elimu ya kinga. Lilianza kutumika mwaka 2000. Tawi hili linaeleza hasa kwa nini magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama vile baridi yabisi, huharibu pia mifupa.

Kubomolewa na kujengwa kwa mfupa

Mfupa si kitu kikavu kama nguzo ya saruji. Ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa upya wakati wote. Kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka. Kazi ya kubomoa hufanywa na seli kubwa ziitwazo osteoklasti, ambazo hujibandika juu ya mfupa na kumwaga asidi na vimeng'enya. Baada yake huja osteoblasti, seli zinazojenga. Shimo lililochimbwa kwa wiki chache huhitaji miezi kadhaa kujazwa. Kwa hiyo ubomoaji ukizidi hata kidogo, na hali hiyo ikidumu, mfupa hupungua.

Osteoklasti zina asili moja na makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza bakteria: zote hutokana na ukoo mmoja wa seli nyeupe za damu katika uboho. Hapo ndipo ulipo msingi wa uhusiano wote unaoelezwa hapa.

Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli nyeupe za damu zikichochewa katika maabara hutoa kitu kinachoamsha osteoklasti. Ilichukua miaka mingi kujua ishara hizo ni zipi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitambuliwa protini iitwayo RANKL, ambayo bila yake osteoklasti hazikomai. Mwili una pia protini nyingine, osteoprotegerini, inayoinasa RANKL na kuizuia isifanye kazi. Panya waliozaliwa bila RANKL walikuwa na mifupa mizito kupita kiasi kwa kukosa osteoklasti; lakini pia hawakuwa na tezi za limfu, ambazo ni sehemu ya kinga. Protini moja, kumbe, inahudumia pande zote mbili.

Baridi yabisi

Katika usemi wa kawaida "baridi yabisi" ni karibu kila maumivu ya viungo, pamoja na jongo na kuchakaa kwa magoti ya wazee. Kitabibu ni ugonjwa maalumu ambao kinga hushambulia utando laini unaozunguka viungo. Licha ya jina lake, hausababishwi na hali ya hewa ya baridi wala kuoga maji ya baridi. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kwa kawaida huanza kwenye viungo vidogo vya vidole, pande zote mbili za mwili, na asubuhi mikono hukakamaa kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya nusu saa.

Utando ulioshambuliwa huvimba na kujaa seli za kinga. Limfosaiti T na seli za utando wenyewe hutoa RANKL, huku protini nyingine za uvimbe, kama TNF na interleukini 6, zikizidisha athari yake. Osteoklasti huongezeka na kutafuna mfupa ukingoni mwa kiungo, na gegedu nayo huliwa. Mashimo hayo yanaweza kuonekana kwenye picha ya eksirei ndani ya miaka miwili ya kwanza, na kwa kawaida hayajazibiki tena. Dawa za maumivu humpa mgonjwa nafuu bila kuzuia uharibifu huu; anayezitegemea peke yake hujiona amepona, kumbe vidole vinaendelea kupinda.

Si kila ugonjwa wa aina hii hupunguza mfupa. Katika spondilitisi ankilosi, uvimbe wa uti wa mgongo hufuatwa na mfupa mpya unaoota mahali pasipostahili, hadi pingili huungana na mgongo kukakamaa.

Matibabu

Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake katika Mayo Clinic, Marekani, walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, na baada ya siku chache mgonjwa aliyekuwa hajiwezi alitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel. Furaha haikudumu sana. Steroidi za jamii hiyo, ikiwemo predinisoloni, hutuliza kinga lakini pia hudhoofisha osteoblasti. Hatari ya kuvunjika mifupa huanza kupanda katika miezi michache ya kwanza. Hata hivyo mgonjwa aliyezitumia kwa muda mrefu hapaswi kuziacha ghafla, kwa sababu tezi zake huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya namna hiyo.

Siku hizi dawa ya msingi ni methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kunaweza kuua, na haifai kwa wajawazito. Hidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyotumika zamani kutibu malaria, hutumika pia. Tangu mwaka 1998 zipo dawa zinazozuia TNF. Zinahifadhi viungo vizuri, lakini TNF ndiyo inayosaidia kuvizuia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, hivyo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuzianza. Jambo hilo lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako ugonjwa huo umeenea.

Denosumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa ajili ya mifupa dhaifu, huizuia RANKL yenyewe. Hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6. Ikiachwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, osteoklasti hurudi kwa wingi, na baadhi ya wagonjwa wamevunjika pingili kadhaa za mgongo.