Taroti na Shajara katika Kuzibua Ubunifu

Kuzibika kwa ubunifu ni hali ya mtunzi mwenye ujuzi kushindwa kuutumia kwa muda, ilhali ujuzi wenyewe haujampotea. Hali hii si uvivu, kwani mvivu hakai kitako kuandika. Wala si uchanga, kwani mchanga bado anajifunza vina na mizani. Ina namna tatu. Ya kwanza ni kukosa pa kuanzia: mambo yamejaa kifuani na mshororo wa kwanza haupatikani. Ya pili ni kukosa jambo lenyewe. Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuwa na jambo na kuliogopa. Karata za taroti huwafaa zaidi watu wa namna ya kwanza, na shajara watu wa namna ya tatu. Namna ya pili haina dawa katika vyombo hivi. Dawa yake ni kusoma, kutembea na kusikiliza watu.

Taroti ni karata 78. Kati yake, 22 ni karata kuu, kila moja ikiwa na sura yake: Mpumbavu, Mnara, Mwezi, Jua na nyinginezo. Zilizobaki 56 ni karata ndogo za aina nne, karata 14 kila aina: vikombe, panga, sarafu na magongo. Zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, zikiwa karata za kuchezea tu. Kuzitumia kwa utabiri kulienea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Seti inayofahamika zaidi leo ilitolewa London mwaka 1909, na michoro yake ni ya Pamela Colman Smith. Smith alizichora hata karata ndogo zikiwa na watu walio katikati ya tendo, na hapo ndipo penye faida ya mwandishi. Vikombe vitano vitupu ni hesabu tu. Mtu aliyeinama mbele ya vikombe vilivyomwagika ni kisa kinachosubiri msimulizi.

Majina ya karata hizi si mageni Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa ulio karibu na Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na lugha yao ikaacha msamiati mzima wa mchezo huu katika Kiswahili. Neno karata ni lao. Kopa ni copas, yaani vikombe. Shupaza ni espadas, yaani panga. Uru ni ouros, yaani dhahabu, ndizo sarafu za taroti. Pau ni paus, yaani magongo. Pakiti inayouzwa dukani leo ina michoro ya Kifaransa ya moyo na jembe, ila majina yanayotajwa barazani ni ya aina zile zile nne za taroti. Turufu nayo ni trunfo, neno la asili moja na trionfi, jina ambalo Waitalia walizipa karata kuu kabla ya neno taroti kuenea. Nyuma ya Waitalia na Wareno kuna Misri ya Wamamluki, iliyokuwa na karata za vikombe, panga, sarafu na fimbo za mchezo wa polo.

Utabiri na tafakuri ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta ugomvi mwingi kuhusu karata. Utabiri wa pwani una matawi yake. Ramli hupigwa kwa safu nne za nukta, kila safu ikihesabiwa witiri au shufwa. Hivyo hupatikana maumbo 16, na maumbo manne ya mwanzo yaweza kupangika kwa njia 65,536. Falaki hufuata hesabu ya herufi za abjadi na nyota 12, kuanzia Hamali hadi Hutu. Istikhara haimo katika kundi hili: ni sala ya kumwomba Mungu uongozi, si kupiga bao. Taroti ikitumiwa kuuliza yatakayotokea huingia upande wa ramli, na Uislamu unayakataza mambo hayo. Aya ya 90 ya Sura al-Maida inataja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari. Katika tafakuri hakuna swali la kesho. Swali ni moja: mtunzi anaona nini katika picha hii, na kwa nini ameona hicho? Karata hapo haijui kitu. Kazi yake ni kumwondolea mtunzi mzigo wa kuchagua mwanzo.

Ambaye nafsi yake haitulii na karata ana mbadala ulio kamili, na pengine bora kwa mshairi wa Kiswahili: vikaratasi vyenye neno moja moja, vikunjwe na kuchanganywa. Hazina ya maneno ipo. Ahmed Sheikh Nabhany aliyahifadhi maneno ya uundaji wa vyombo vya baharini katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979. Katika nchi za Magharibi, Brian Eno na Peter Schmidt walitoa mwaka 1975 seti ya karata zenye maagizo mafupi badala ya picha, kwa ajili ya wasanii waliokwama.

Mpangilio wa karata una daraja tatu. Karata moja hutoa mwanzo. Karata tatu hutoa mhusika, kizuizi na mgeuko wa kisa. Safu ndefu hutoa kisa kizima. Italo Calvino alikijenga kitabu chake kuhusu kasri la majaaliwa kwa kusoma safu za taroti hivyo.

Shajara ni daftari ambalo mwandishi wake ndiye msomaji wake wa kwanza. Shajara ya kumwaga huandikwa asubuhi bila kusahihisha. Julia Cameron, katika kitabu chake cha 1992, aliiwekea kiwango cha kurasa tatu kwa mkono. Shajara ya kufunua huandikwa juu ya jambo zito: katika utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall wa 1986, washiriki waliandika dakika 15 kwa siku nne, ingawa kilichopimwa kilikuwa afya, si sanaa. Shajara ya karata huwa na tarehe, jina la karata, kilichoonekana kwanza, na mstari mmoja uliozaliwa. Mstari huo usiachwe; ndio mavuno.

Uandishi wa faragha una mfano mzito jirani na Kibokoni. Mshairi Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mtaa wa Kuze, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi ya kisiasa aliyoiandika, akatoka 1972. Gerezani aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za msalani, asijue kama yangepata msomaji. Yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Thamani ya kuandika ilionekana hata kabla yake: tungo za mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, ziliishi vinywani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika. Katika maandishi hayo ndimo ilimopatikana diwani iliyochapishwa 1940, miaka mia baada ya kifo cha mtunzi.