Pumzi ya injini: vumbi, maji na hewa baridi katika barabara za Kigoma

Injini ya gari hula hewa nyingi kuliko mafuta. Kilo moja ya petroli haiungui vizuri mpaka ipate karibu kilo 14.7 za hewa, na hesabu hiyo ikigeuzwa kuwa ya ujazo, lita moja tu ya petroli humaliza takriban lita 10,000 za hewa. Injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, kama ile ya Land Cruiser zilizojaa mkoani Kigoma, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta lita zipatazo 3,500 katika dakika hiyo moja. Hewa ikija na vumbi, injini husagika. Ikija na maji, hufa papo hapo. Ikija ya moto, nguvu hupungua. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mafundi wamehangaika kwanza na vumbi, kisha na maji. Joto, ambalo ndilo linalouza mabomba ya hewa baridi madukani leo, limekuja mwisho kabisa.

Lipo na jambo la nne ambalo spana haiwezi kulirekebisha, nalo ni mwinuko. Uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 8 hadi 9 kuliko ya Dar es Salaam. Gari lisilo na tabo likitoka Kariakoo hufika Ujiji likiwa limepungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho, hata kabla halijakutana na mlima wa kwanza.

Injini za petroli zilizoacha jina ziwani hapa hazikuwa za magari. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli mpaka Katanga, na kutoka huko zikakokotwa kwa matrekta ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikasafirishwa kwa reli na mto hadi upande wa Kongo wa ziwa. Kila boti ilikuwa na injini mbili za nguvu farasi 100 kila moja. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi, ikishirikiana na Kingani hiyo iliyotekwa, ikaizamisha Hedwig von Wissmann. Upande wa Kigoma, Wajerumani walitegemea mvuke. Meli yao kubwa, Goetzen, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Iliinuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Meli ya mvuke haina haja ya kichujio cha hewa, kwa sababu hewa yake huenda kwenye tanuru la boila, na vumbi likiingia humo halimdhuru mtu. Liemba iliendelea hivyo mpaka miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi gari lililokusudiwa Kigoma lilisafiri likiwa limepakiwa kwenye behewa, maana barabara ya kutoka Tabora ilikuwa haipitiki masika. Magari ya zama hizo hayakujua kuchuja hewa. Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, lilitoka kiwandani bila kichujio chochote. Tena lilikuwa na bomba lililofanya kinyume cha kile vijana wanachokitafuta leo: lilichukua hewa iliyopashwa moto na bomba la moshi na kuipeleka kwenye kabureta. Sababu yake ilikuwa ya maana. Petroli ya wakati huo haikugeuka mvuke kwa urahisi, na katika baridi ya Marekani kabureta iliweza kuganda. Hewa ya moto ilipunguza nguvu kidogo, lakini gari liliwaka.

Mwaka huo huo wa 1915, wakati Mimi na Toutou zikikokotwa milimani, muuza matrekta wa Marekani aitwaye Frank Donaldson alikutana na mkulima wa Utah ambaye trekta lake lilikuwa likifa mara kwa mara kwa vumbi. Alimtengenezea kichujio cha waya na kitambaa, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Donaldson, ambayo mpaka leo hutengeneza vichujio vya malori na mitambo. Ni haki kusema kwamba kichujio cha injini ni mtoto wa shamba, hakutoka kwenye mashindano ya magari.

Kilichofaa zaidi kwa Kigoma ni kichujio cha oili, kilichokuja na Land Rover za kwanza baada ya mwaka 1948. Ni bakuli la chuma lenye oili chini na wavu wa waya juu. Hewa hushuka kwa kasi, hukaribia kuigonga oili, kisha hugeuka ghafla kupanda juu. Punje za vumbi, kwa kuwa ni nzito, hushindwa kugeuka nayo na kuzama. Zinazoponyoka hunaswa na wavu uliolowa oili. Baada ya safari ya kiangazi dereva alifungua bakuli, akamwaga oili iliyogeuka tope jekundu, akaosha wavu kwa mafuta ya taa, akajaza oili mpya mpaka kwenye alama, akafunga. Hakuna kipuri kilichosubiriwa kutoka Dar es Salaam. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Kigoma mwaka 1960 na mama yake, walikuja kwa Land Rover iliyotoka Nairobi na kupita kwenye vumbi hilo. Gari liliishia Kigoma. Kwenda Gombe, alikofanyia utafiti wake, wakati huo na hata sasa, ni kwa boti.

Kichujio cha karatasi, ambacho kwa lugha ya gereji ni eakilina, kilichukua nafasi hiyo polepole. Hunasa vumbi laini kuliko bakuli la oili, ila kina gharama: kikichafuka hutupwa. Hapa pakazaliwa desturi ya kupuliza eakilina kwa upepo wa kompresa. Ikipulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, haina ubaya mkubwa. Lakini mara nyingi hugongwa kwanza kwenye tairi mpaka ukingo wake wa mpira unapinda, kisha hupulizwa kwa nguvu zote mpaka karatasi inatoboka matundu yasiyoonekana. Kichujio kichafu hubana hewa na dereva hulihisi gari likiwa zito. Kilichotoboka hupitisha vumbi kimyakimya, na mwenye gari hugundua siku injini inapoanza kula oili. Fundi makini huwa na kipimo chake: huchomoa bomba lililo baada ya kichujio, upande wa injini, akapitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na wekundu, hewa inapita pembeni.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na miaka ya 1990. Vita vya Burundi kuanzia 1993 na vya Kongo kuanzia 1996 viliwaleta wakimbizi mkoani Kigoma kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996. Pamoja nao yalikuja mashirika ya misaada, na pamoja na mashirika zikaja Land Cruiser nyeupe za hadtopu, zenye injini ya lita 4.2 iliyotolewa na Toyota mwaka 1990. Nyingi zilikuwa na bomba jeusi lililopanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa: snokeli.

Wazo la snokeli ni la kijeshi. Nyambizi za Kijerumani zilivuta hewa kwa bomba lililochomoza juu ya maji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na magari yaliyoteremshwa pwani ya Normandy mwaka 1944 yalifungwa mabomba marefu ili yasizimike majini. Baada ya vita wazo likahamia kwa wasafiri wa jangwani, hasa Australia, na huku kwetu likaonekana kwenye mbio za Safari Rally, ambako magari ya miaka ya 1990 yalivuka mito na vumbi yakiwa na bomba kando ya kioo.

Wengi hudhani snokeli ni ya kuvukia mito tu. Katika barabara ya moramu kutoka Kasulu hadi Kibondo, kabla ya lami, faida yake ya kila siku ilikuwa nyingine. Vumbi linalotimuliwa na lori la mbele huwa zito zaidi chini, karibu na matairi, mahali hasa panapovutia hewa gari la kawaida. Hewa ya usawa wa paa ni safi zaidi. Ni baridi zaidi pia, kwa kuwa iko mbali na injini. Kwa maana hiyo snokeli ndiyo bomba la hewa baridi la kwanza kuenea Kigoma, ingawa hakuna aliyelinunua kwa sababu hiyo.

Kuifunga kunataka roho ngumu, kwa sababu madigadi mzima hutobolewa. Karatasi ya vipimo hubandikwa kwenye bodi, matundu huwekewa alama, hutobolewa, na kingo za bati hupakwa rangi zisishike kutu. Eneo la ndani ndilo lenye hila. Kila kiungo kati ya bomba na boksi la eakilina lazima kizibwe kwa silikoni na kukazwa kwa klipu, na tundu la kutolea maji chini ya boksi lizibwe vilevile. Gari lenye snokeli isiyozibwa ni sawa na lisilo nayo, na pengine ni la hatari zaidi, kwa kuwa dereva ameaminishwa kuwa anaweza kuingia mtoni. Maji hayagandamiziki kama hewa: yakiingia kwenye silinda, pistoni inayopanda hukwama na konrodi hupinda. Kipimo ni chepesi. Injini ikiwa inanguruma bila gari kutembea, mdomo wa snokeli huzibwa kwa kiganja. Injini ikizima ndani ya sekunde chache, kazi ni nzuri. Ikiendelea kuunguruma, inapata hewa mahali pengine, na maji yatapapata mahali hapo.

Ziwani mambo ni tofauti kabisa. Mashine za boti zinazobeba abiria na wavuvi wa dagaa na migebuka kwa kawaida hazina kichujio cha hewa, kwa sababu majini hakuna vumbi. Kinachokinga mdomo wa hewa ni kofia ya mashine, na mashine inayoendeshwa bila kofia hukaribisha maji ya wimbi.

Bomba la hewa baridi kama linavyouzwa sasa lina ukoo mwingine. Mwaka 1964 Ford walitoa Thunderbolt, gari la mashindano ya kasi ambalo taa zake mbili za ndani ziliondolewa ili matundu yake yaingize hewa ya nje moja kwa moja kwenye injini. Hoja yake ni fizikia ya shule: hewa ikipoa kwa nyuzi 3 za Selsiasi huwa nzito kwa takriban asilimia 1, kwa hiyo hewa ya nyuzi 30 ina oksijeni zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya nyuzi 60 iliyo chini ya boneti. Mwaka 1969 ilianzishwa California kampuni ya K&N, iliyovuma kwa kichujio cha pamba kilichopakwa oili, kinachooshwa na kurudiwa. Katika miaka ya 1990 vijana wa huko huko waliunganisha mambo hayo mawili, bomba la alumini na kichujio chenye umbo la pia, kwenye magari madogo ya Kijapani.

Magari hayo hayo, yakiwa yametumika Japani, ndiyo yaliyojaa Tanzania baada ya biashara kufunguliwa. Toyota Altezza, iliyouzwa kuanzia 1998 hadi 2005, ni mfano unaopendwa na vijana. Kulifunga bomba si kazi kubwa: waya wa betri huchomolewa, boksi la eakilina hutolewa pamoja na bomba lake la plastiki, kipima hewa huhamishiwa kwenye bomba jipya, kichujio hukazwa mwishoni, na mpira mdogo wa kupumulia injini hurudishwa mahali pake. Makosa yako kwenye mpangilio. Bomba fupi linaloacha kichujio wazi kando ya injini huvuta hewa ya moto kuliko boksi la kiwandani, ambalo aghalabu huchukua hewa nyuma ya taa au ndani ya madigadi. Hapo hewa baridi imebaki kwenye maandishi ya kasha. Bomba refu linaloshuka nyuma ya bampa hupata hewa baridi kweli, lakini pia hupata dimbwi la kwanza la masika. Oili ikizidi kwenye kichujio cha pamba huchafua kipima hewa, na bomba lenye kipenyo tofauti na cha awali hukidanganya. Mlio mzito wa kuvuta hewa huongezeka hata kama nguvu haikuongezeka, na ndio unaowaridhisha wengi.

Lami imepunguza vumbi katika barabara kuu za mkoa, kuelekea Tabora na kuelekea Nyakanazi, lakini njia za vijijini bado ni nyekundu kila kiangazi. Mwenye gari Kigoma atumie fedha yake ya kwanza kwenye eakilina isiyotobolewa na klipu zilizokaza. Anayeingia mtoni afunge snokeli na kuipima kwa kiganja. Bomba la hewa baridi ni la mwisho katika orodha, na lisifungwe bila ngao ya kulitenga na joto la injini.