Saratani ya tezi ya shingo: kupasua au kusubiri?

Mtu akiambiwa ana saratani, ombi lake la kwanza kwa daktari huwa ni itolewe haraka. Lakini kwa saratani ya tezi dundumio, ile tezi ya mbele ya shingo ambayo ikivimba tunaita rovu, madaktari wenyewe hawakubaliani kwamba haraka inafaa kila mara.

Ubishi ulipamba moto Korea Kusini. Mwaka 1999 serikali ilianzisha upimaji wa saratani kadhaa. Tezi dundumio haikuwamo, ila hospitali nyingi zikawa zinaongeza kipimo cha ultrasaundi ya shingo kwa malipo kidogo. Kufikia 2011, wagonjwa waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Waliokufa kwa ugonjwa huo, idadi yao haikubadilika. Maana yake vinundu vingi vilivyoonekana kwenye mashine visingemdhuru mtu. Hata hivyo, karibu wote walipasuliwa, na wengi wakatolewa tezi nzima. Aliyetolewa tezi nzima humeza vidonge vya homoni kila siku maisha yake yote, na wengine hubaki na sauti iliyoharibika. Mwaka 2014 kundi la madaktari lilijitokeza kupinga hadharani, na upasuaji ukapungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Japani walikuwa wametangulia. Tangu 1993, hospitali ya Kuma mjini Kobe iliwapa wagonjwa wenye kinundu kisichozidi sentimita 1 nafasi ya kufuatiliwa bila kupasuliwa. Katika watu 1,235, baada ya miaka 10 vinundu vilikuwa vimekua kwa asilimia 8 tu ya wagonjwa. Hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo.

Mwongozo wa Marekani wa 2015 ukalegeza kamba: kinundu kilicho chini ya sentimita 1 kwa kawaida kisichomwe sindano ya kuchukua sampuli, na saratani ya sentimita 1 hadi 4 isiyo na dalili za kusambaa inaweza kutibiwa kwa kutoa nusu ya tezi.

Wanaopinga nao wana hoja. Hakuna kipimo kinachoonyesha kwa uhakika kinundu kipi kitatulia na kipi kitasambaa. Kisha kusubiri ni kurudi hospitali, mwanzoni kila baada ya miezi 6, kwa miaka. Kwa maoni yangu hapo ndipo pagumu kwetu: anayelala njiani kuifuata ultrasaundi akikosa nauli mara mbili, hafuatiliwi tena, amesahaulika. Mwambie daktari wako umbali unaotoka kabla hamjaamua.

Na msikilizaji, usichanganye mambo. Mjadala huu ni wa vinundu vidogo vinavyoonekana kwenye mashine tu. Rovu nyingi si saratani, lakini uvimbe unaoshikika kwa mkono na unaokua, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, shida ya kumeza au kupumua, hayo hayasubiri. Nenda kituo cha afya.